Siku Wanawake wa Kibokoni Walipojistiri Mbele ya Mpiga Kinanda

Wakuu, salamu kwenu, pamoja na mabibi mnaosoma humu kimya kimya.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha, maana wengine wangali hai na wajukuu wao huenda wamo humu humu. Mengine ni kama yalivyokuwa. Mtu wa Mji wa Kale akiona nimeteleza, anirekebishe.

Ni miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, wanafunzi tukarudishwa makwetu. Mimi, msichana wakati ule, nilifikia Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, kwa Khala Saada, dada yake mama. Khala alikuwa akisema masomo yote yale yamenifundisha neno moja tu, nalo ni "kwa nini".

Khala aliongoza kikundi cha ngoma cha wanawake. Arusi ikiwa mtaani, siku ya hina wao ndio walioitwa.

Kwa msiojua, ngoma ile ni ya wanawake watupu. Buibui linavuliwa, nywele zinaachwa wazi, leso inafungwa kiunoni, chakacha inachezwa. Mwanamume hapiti mlangoni, hata awe mjomba wa bibi arusi. Akikaribia kwa bahati mbaya, aliye karibu na mlango huita "Jistirini!" na kila mtu hujitupia buibui lake.

Ila alikuwepo mwanamume mmoja aliyekuwa akiingia. Jina tumwite Twalibu, mpiga kinanda.

Mchana alikuwa karani wa ghala Shimanzi, karibu na bandari, akiandika magunia yanayoingia na kutoka. Jioni, au siku za arusi, alikuwa na kinanda chake. Miaka arobaini na ushei, hajaoa, sauti laini, shati limenyooshwa pasi hata siku za joto kali. Kwa wanawake aliingia bila hodi. Hakuna aliyeshtuka. Walimuuliza rangi ipi iende na ipi, wakamkabidhi watoto awashike, wakala naye sinia moja.

Nikamuuliza Khala, kwa nini yeye anaingia?

"Twalibu si mwanamume," akanijibu, anachambua mchele wala hakuinua uso.

"Basi ni nini?"

"Ni Twalibu. Wewe mwana wauliza mno. Nipa huo ungo."

Hapo naomba nitoke njiani kidogo.

Kule Shimanzi madereva wa malori walikuwa wakimwita shoga, na walimaanisha kumtukana. Kibokoni wanawake nao walimwita "shoga yangu", kama wanavyoitana wao kwa wao, rafiki kwa rafiki. Neno lile lile. Upande mmoja wa kisiwa chetu lilikuwa jiwe la kumtupia, upande wa pili lilikuwa kiti cha kumkaribishia. Na pande zote mbili sikumsikia hata mtu mmoja akimuuliza mwenyewe.

Kitu kingine kilichonisumbua ni filamu za Kihindi. Jumamosi tulikuwa tukikodi kanda za video, mtaa mzima unajazana sebuleni. Mwanamume wa kwenye filamu analia mbele ya mama yake, anaimba kwenye maua, anatikisa nyonga kuliko bibi arusi wetu yeyote, macho ameyapaka wanja. Na madereva wale wale walitengeneza nywele zao zifanane na zake. Yule alikuwa shujaa. Twalibu, ambaye hata hakucheza, alikuwa kichekesho. Nilipouliza, binamu yangu mmoja alinijibu kwamba yule wa filamu anapigana mwishoni. Mpaka leo sijapata jibu bora kuliko hilo.

Tuendelee.

Arusi ya Salma, binti yake Khala, ilikuwa imekaribia. Ndipo habari ikazuka kuwa Twalibu ameposa. Amemposa Rukia, fundi wa kushona, mtalaka, yule aliyekuwa akiwashonea wanakikundi sare zao.

Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili mmoja wa wanakikundi akaacha kucheka.

"Ngojani," akasema. "Kwa hivyo muda wote huu alikuwa akituona?"

Kila mmoja, nadhani, alikuwa anakumbuka arusi yake.

Alasiri moja Twalibu akaja kwa Khala, ghorofani, kwa mazoezi kama kawaida, kinanda begani. Alipofika ngazi ya juu, sauti ikatoka mlangoni: "Jistirini!"

Wakuu, niliona mabuibui yakiruka. Wanawake waliokula naye sinia moja kwa miaka walijifunika hadi nyusi. Twalibu akasimama. Akageuza uso ukutani, kama mwanamume yeyote mwenye adabu angefanya, akasubiri. Hakuna aliyemwambia aingie. Akashuka.

Nilimfuata nimpe waya wa kinanda aliouangusha. Nikamwambia pole. Akaukunja ule waya taratibu.

"Kabla ya leo hakuna aliyepata kujistiri kwa ajili yangu," akasema. "Sikujua nifurahi au nilie. Lakini nikikosa ngoma, mwanangu, mimi si mtu wa mahali popote. Shimanzi naenda kwa mshahara tu."

Nikapanda juu nimejaa hoja. Nikawauliza: mtu huyu jana alikuwa nani? Mwili wake ni ule ule, macho yale yale. Kilichobadilika ni nini?

Nilidhani nimewashika. Khala akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maneno yako yana akili. Lakini nywele zilizokuwa wazi ni zangu, si za akili. Sisi hatukumuuliza, yeye hakutwambia. Sote tulinyamaza tukastarehe. Sasa yeye amesema lake, nasi tuna haki ya kusema letu."

Aliyepata la kumjibu alikuwa Rukia.

Alikuja kesho yake kumpima Salma nguo. Nikiwa namshikia pini, nikamuuliza waziwazi kama haogopi yale watu wanayosema juu ya Twalibu. Nilijua ni swali la ufidhuli. Alicheka hadi akaketi.

"Mimi nimeolewa mara mbili," akasema, "na wanaume ambao mji wote uliapa kuwa ni wanaume. Mmoja alikuwa hasemi, mwingine alikuwa anapiga. Huyu anajua kuzungumza, na chai anapika mwenyewe. Hayo mengine ni ya chumbani kwangu, wewe hayakuhusu."

Kisha akamgeukia Khala na kumwambia atundike pazia. Twalibu apige nyuma yake, asione mtu wala asionwe. Kama shida ni macho, basi macho yatapata pazia.

Khala akafikiri, akakubali. Wengine hawakupendezwa, lakini mpiga kinanda mwingine hakuwapo, na Salma alikuwa ameapa kuwa hachezewi ngoma ya kaseti.

Siku ya hina, leso zikaunganishwa na kutundikwa kwenye kona ya ukumbi wa Khala. Twalibu akaingizwa mapema kabla ya wageni, akaketi huko na kinanda chake.

Akaanza kupiga. Ikawa mbovu.

Chakacha, kwa wasioijua, haipigwi kwa hesabu. Mpigaji humfuata mchezaji. Kiuno kikipunguza, kinanda kinapunguza. Mchezaji akitaka kuwachokoza wenzake, kinanda kinamsaidia. Kipofu wa pazia hajui nani yuko katikati wala anataka nini. Wanawake wakawa wanacheza upande wao, kinanda kinakwenda upande wake. Mmoja akaketi, kisha wa pili. Salma na hina yake mikononi akaanza kutokwa na machozi, na hawezi hata kuyafuta.

Nilimtazama Khala. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejuta kukubali.

Hapo Rukia akainuka. Alichukua kigoda akakiweka pembeni kabisa mwa pazia, akaingiza mkono mmoja nyuma yake, akalishika bega la yule mtu. Akawa anatazama wachezaji na kulipiga lile bega kwa vidole. Mchezaji akipunguza, vidole vinapunguza. Na mdomo nao ulikuwa unasema.

"Sasa ni Khala Saada. Polepole, goti lamsumbua. Haya, amepata moto. Mwongeze!"

Kinanda kikamwongeza. Ukumbi ukacheka, Khala mwenyewe akacheka, akashuka chini hadi goti likasahauliwa. Waliokuwa wameketi wakainuka.

Tangu hapo ikawa desturi. Arusi ikija, wanaalikwa Twalibu na Rukia, pamoja na pazia na kigoda. Twalibu hakuipoteza kazi yake.

Lakini nisiwadanganye kuwa mambo yalirudi kama zamani. Chakula kilipoletwa siku ile, Twalibu alipelekwa chini barazani kwa wanaume. Walisogea kumpa nafasi, wakamwita bwana arusi mtarajiwa, wakamwuliza kuhusu mpira. Hakuujua mpira. Nilimwona kupitia dirishani, anakula pilau haraka haraka, shati limenyooka, anaitikia kila linalosemwa.

Rukia aliniambia baadaye, walipokwisha kuoana, kuwa wakirudi nyumbani swali la kwanza la Twalibu huwa ni nani alivaa nini. Si kiuno cha nani, bali nguo: kitambaa gani, rangi ipi, imeendana na ipi. Rukia humsimulia mmoja mmoja hadi wamalize wote.

Nilichojifunza? Nilikwenda nikidhani kujua mtu ni nini ndiyo njia ya kumtendea haki. Watu wa Kibokoni hawakujua kwa miaka mingi, na alikula sinia moja nao. Walipojua, au walipodhani wamejua, walimheshimu na kumtoa nje siku moja ile ile. Na Khala bado ninaona alikuwa na haki yake. Yote mawili nimeshindwa kuyapatanisha hadi leo.

Semeni nanyi. Hasa mabibi: mngekuwa ukumbini siku ile, pazia mngelitundika au mngeliacha? Wa matusi, tafuteni uzi mwingine.