Mkono Pembeni mwa Picha

Mzee wa maktaba ya picha gazetini kwetu hupuliza kila picha kabla ya kukukabidhi, kama anayepoza chai, na kidole chake cha shahada kilichokatika ncha hakigusi kitu. Tulipoandaa ukurasa wa watu kumi waliotikisa muongo uliopita, aliniletea picha ya kiongozi mmoja wa wafanyakazi akihutubia umati. Pembeni, mkono wa mtu ulikuwa umemshikia kipaza sauti. "Huu mkono unatuharibia picha, mzee. Ukate." "Sawa, bosi." Akapima kwa rula, akakata taratibu, akapuliza.

Gazeti lilipotoka, nilikiona kile kipande chini ya kioo cha meza yake: mkono, kipaza sauti, kidole cha shahada hakina ncha. Nikakosa pa kuuficha uso. "Ukurasa umependeza, bosi," akaniambia, akanivutia kiti.