Kijiti Kwenye Mkonga

Ndovu aliyepigwa sindano ya usingizi aliangukia kifua katikati ya viazi vyangu, na daktari wa wanyama akaanza kukimbia. Sisi wakulima wa huku Mweiga tulikuwa tumekuja kumtazama akiondoka tu. Kumbe ndovu akilalia kifua hawezi kupumua. Tukapewa kamba, tukavuta mpaka akageukia ubavu.

Daktari akaniona nimesimama mbele, akanitia mkononi kijiti kifupi.

"Mama, weka hii kwa tundu ya mkonga ikae wazi. Ikijifunga atakosa pumzi. Usitoe mpaka nikuambie."

Hakujua anamkabidhi nani. Ndovu huyohuyo alikuwa amevunja ua wetu na kumkanyaga mume wangu mguu alipotoka kumfukuza kwa kugonga debe. Tangu hapo mume wangu hutembea kwa magongo. Niliandikia idara ya wanyamapori barua nikaomba ndovu apigwe risasi. Nikajibiwa kwamba atahamishiwa mbuga moja ya pwani ambako majangili waliwamaliza ndovu, nasi tutajengewa ua wa stima. Nilikasirika, sifichi. Mtu avunjwe mguu, halafu mvunjaji asafirishwe kama mgeni wa serikali!

Nikapiga magoti. Pumzi yake ilikuwa ya moto na ilinuka viazi vyangu. Ilitoka, ikakaa sana, ikarudi. Daktari alikuwa nyuma ya lile tumbo kubwa, hanioni. Kijiti kikitoka chenyewe, nani atajua?

Nikakivuta. Tundu likajikunja na pumzi ikakatika. Nikangoja.

"Rudisha."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, ameegemea magongo yake. Hakupaza sauti.

"Ati nini?" nikamuuliza, najifanya sijui.

"Nimekuona. Rudisha hiyo kitu. Mguu ilivunjika ni yangu, si yako."

Kijiti kikakataa kuingia mara ya kwanza. Mara ya pili kikaingia. Mkonga ulikuwa kimya. Nikaanza kumwomba Mungu, mimi niliyeomba risasi. Kisha hewa ya moto ikanipiga usoni, nami nikalia.

Nilikishikilia mpaka winchi ikampandisha kwenye lori. Daktari akanishukuru mbele ya watu wote, wakapiga makofi.

Siku hizi ua wa stima umesimama na viazi tunavuna. Mume wangu husimulia wageni habari za siku ile, na kila mara husema mke wake ndiye aliyemwokoa ndovu. Hapo mimi huinuka nikaenda jikoni.