Garde-malade wa Mama Mwavita

Hospitalini kwetu mgonjwa halazwi bila garde-malade, yaani mtu wake wa kumpikia, kumfulia na kulala kwenye mkeka kando ya kitanda. Kwa miaka kumi na mmoja Mama Mwavita, mkimbizi kutoka Uvira anayekaa mtaa wa Carama, amekuwa garde-malade wa watu wasio na watu. Mimi muuguzi nilimzoea mpaka nikamwona kama sehemu ya jengo, na sijivunii hilo.

Machi hii alianguka mbele yangu, mkononi ana uji wa mgonjwa wa watu. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo thelathini na mawili kwa dakika, na katikati mstari mtupu wa sekunde nne.

Daktari Pontien alimweleza taratibu. Juu ya moyo, upande wa kulia, kuna kishada cha seli ndogo zisizongoja amri ya yeyote. Kila moja hujijaza chaji kidogo kidogo, ikifika kiwango chake inafyatuka, kisha inaanza upya. Jirani huupokea umeme huo na kuupitisha, hadi moyo wote unajikaza na kusukuma damu. Seli zake zilikuwa bado zinafyatuka, lakini kovu lilikuwa limezizingira.

"Kumbe zinaita, na hakuna mutu anasikia," alisema Mama Mwavita.

"Ndiyo, mama. Tutakuwekea pile, kifaa kidogo cha betri chini ya ngozi ya kifua, iite kwa niaba yazo."

"Sawa, docteur. Ugonjwa huu naujua."

Alicheka peke yake. Mabingwa wa kuweka pile walikuwa mjini siku mbili tu, na fomu isiyo na jina la garde-malade ilimaanisha nafasi kwenda kwa mwingine. Bintiye Lisette yuko Kanada, hupiga simu Krismasi. Mama Mwavita aliijaza fomu kwenye benchi, akanirudishia akitazama pembeni. Niliisaini bila kuisoma. Foleni ilikuwa ndefu, na asubuhi ile nilikuwa na hasira zangu.

Alipigwa ganzi ya kifuani tu, akawa macho muda wote. Baada ya saa moja na nusu moyo ulikuwa unapiga sitini, sawasawa. Nikasukuma machela hadi mlangoni, nikaita kama tunavyoita kila siku:

"Garde-malade wa Mwavita!"

Korido ilijaa watu, hakusimama mtu. Nikaita tena, kwa ukali. Hawa nao, nikanung'unika, ukiwahitaji wako nje wanatafuna sambusa. Nikafungua fomu nimwite kwa jina lake. Palipoandikwa mgonjwa, Mwavita. Palipoandikwa garde-malade, Mwavita.

Kwenye machela mkono wa kulia ukainuka, maana wa kushoto, upande ulikowekwa pile, alikatazwa kuuinua.

"Mi niko hapa, binti yangu," alisema. "Unipe habari ya mugonjwa wangu."