Mashine Iliyodhani Iko Santiago

Auristela Mansilla alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu chake, na kisu chake kilitenga nyama ya kondoo na mfupa kama mtu avuaye shati. Hapa Porvenir hatukumpenda. Tulimwogopa, tukamwachia kiti cha karibu na jiko.

Jumapili moja ya Aprili, kule Santiago, mji mkuu, walirudisha saa nyuma kwa saa moja kuingia majira ya baridi, kama kila mwaka. Sisi huku kusini saa zetu hatuzigusi. Jumanne asubuhi tukakuta tangazo mlangoni mwa machinjio: jana wote tumetoroka kazini saa nzima kabla ya kengele. Sisi tulionywa. Auristela, aliyekwisha kuonywa kwa kumtukana msimamizi, alifukuzwa.

Akaenda moja kwa moja kwa Fabián Retamal, fundi aliyeletwa kutoka Santiago kufunga kompyuta ya getini inayoandika saa zetu za kuingia na kutoka.

"Wewe wa kaskazini! Toka humo!"

"Mama Auristela, kompyuta haidanganyi."

"Basi mwongo ni mashine au ni wewe. Chagua."

Tukajaa mlangoni. Fabián akaketi, akaona saa ya kompyuta iko nyuma kwa saa nzima, akaandika amri ya kuisogeza mbele. Ikakubali. Kabla hajainuka, ikarudi ilikokuwa; ilikuwa imeuliza saa mtandaoni, ikajisahihisha.

"Hata mashine yako haikutaki," Auristela akasema. Tukacheka, kicheko kibaya.

Fabián akaandika neno moja, *timedatectl*, kuiuliza inajihesabu iko wapi. Ikajibu: *America/Santiago*. Shingo ikamwiva. Aliiandika hivyo siku ya kuifunga, kama ambavyo angeandika kwa mji mwingine wowote wa nchi.

"Andika tulipo," Auristela akasema.

Akaandika *timedatectl set-timezone America/Punta_Arenas*, mji wa jirani unaoshika saa kama zetu. Saa ikaruka mbele, ikatulia.

Msimamizi akaja, akatazama saa ya mkononi, akatazama kioo cha kompyuta. "Haya. Tangazo libanduliwe, na Mama Auristela arudi kazini."

"Alibandue huyu," Auristela akasema.

"Samahani, mama. Ni mazoea tu."

"Mazoea yako yalinifukuza kazi. Nenda."

Fabián akabandua karatasi kwa kucha, upepo ukimpiga usoni. Hakuna aliyemsaidia. Akamnyooshea Auristela.

"Ya nini? Itafune."

Fabián akaikunja, akaitia mfukoni. Auristela alikwisha kumpa kisogo, anafunga aproni yake yenye damu, anatufokea sisi tuliosimama kama mizoga kwamba kondoo hawajichuni wenyewe.