Uji Usivuke Lango

Mwaka ule mvua ya Novemba ilikataa, na ile ya Machi ikanyesha siku mbili tu. Mahindi yalikaukia shambani kabla hayajafika magotini. Kanisa letu la mabati, pembeni mwa mji wa Machakos, likaanza kuwapikia uji watoto wa mtaa kila Jumamosi. Tulijitolea kina mama watatu. Waumini walileta unga, huyu kikombe, yule konzi moja, tukauchanganya wote katika sufuria moja.

Haikupita muda uwanja ukajaa. Watu wazima wakaanza kuwatuma watoto na mitungi, na uji ukawa unaisha foleni ikiwa bado ndefu. Mzee wa kanisa akaamua: kila mtoto anywe hapo hapo, uji usivuke lango. Kwa kuwa nilikuwa nawafundisha watoto Jumapili, nikawekwa langoni.

Jumamosi moja msichana wa miaka kama tisa alitaka kupita, kikopo chake amekifunika kwa leso.

"Kunywa hapa, mama," nikamwambia.

"Nimeshiba, Mwalimu."

Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Sasa huu ni wa nani?"

"Wa mtoto wetu. Yeye hawezi kutembea."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaambiwa maneno kama hayo mara nne au tano. Nyuma yake wenzake walikuwa wakingoja waone nitafanya nini.

"Unywe, ama niurudishe kwa sufuria."

Akanywa. Alikunywa wote huku machozi yakimtiririka, akaniangalia mara moja tu, akaenda.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Nikawaomba watoto wanionyeshe kwao. Nilimkuta nyanya yake ameketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Nikasema natoka kanisani, nimekuja kumjulia hali msichana.

"Yuko ndani," akasema. "Mdogo wake tulimzika wiki jana. Na huyu hataki kula. Anasema alikunywa uji wa mtoto."

Nikakaa chini kwenye vumbi.

"Nyanya, ni mimi nilimwambia anywe."

Nikawa natamani anitukane.

"Mtoto alikuwa mgonjwa kitambo," akasema. "Mimi nimemwambia hivyo, hanisikii. Ingia umwambie wewe."

Nikaingia. Alikuwa amelala kwenye gunia, uso ukutani. Nikamwambia hakukosea, mkosaji ni mimi. Nikamwambia tena. Hakugeuka.

Kuanzia siku hiyo nilimpelekea uji kila mchana, wa unga wa watoto wangu mwenyewe. Siku tatu niliuacha ukapoa. Siku ya nne nyanya yake alimwinua, nami nikamshikia kikombe. Alimeza mara mbili, akatapika. Siku ya tano akameza tena, ukakaa.

Mwisho wa mwezi mama yake alifika kutoka Athi River, alikokuwa akitafuta kibarua viwandani, akaja kumchukua. Alinishika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mama. Nimeambiwa umenilishia mtoto."

Nilimtazama nyanya. Aliinamisha kichwa, akaendelea kufunga nguo za mjukuu wake. Nami nikasema, "Amina."