Mashine Iliyokumbuka Mkono wa Chiriku

Trr. Tk. Trr. Tk.

Huo ndio mlio ulioniamsha alfajiri ile.

Wajukuu zangu mnaonisoma, mimi ni mtu mzima. Mlio wa panya naujua, na mlio wa mfuniko wa birika naujua. Ule haukuwa wa panya wala wa birika.

Nilikuwa nyumbani kwa marehemu binti yangu. Tulimwita Chiriku tangu utotoni, maana alianza kuimba kabla hajajua kutembea. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu tumzike. Begi langu lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu, na tiketi ya basi la saa mbili asubuhi iko ndani.

Niwaambie ukweli, sikuwa na nia ya kurudi pale tena.

Nilikuwa na kinyongo na mkwe wangu. Mwanangu aliumwa mapafu mwaka mzima na hakuna aliyeniambia. Kila siku kwenye simu ni "Niko poa, Mama." Miezi mitatu kabla hajafa nililala kwao wiki nzima, na sikusikia hata kikohozi kimoja. Nikaja kuitwa kuzika.

Nikasema moyoni, huyu mwanaume alinifungia mlango wa mwanangu. Mtoto hawakujaliwa. Sasa tumebakiziana nini mimi na yeye?

Nikiri pia na hili. Wiki zile zote, kila asubuhi nilikuta maji ya moto kwenye ndoo, na ndala zangu zimegeuzwa kuelekea nje ili nisihangaike kuinama. Sikumshukuru hata siku moja.

Basi nikaufuata ule mlio.

Ulitoka kwenye chumba chao cha kurekodia, kile kilichobandikwa sponji ukuta mzima. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mkwe amelala kwenye kiti, hedifoni masikioni, shingo imelegea upande. Mbele yake ile mashine ya sauti yenye vijiti vya kuteleza, vya kupandisha na kushusha.

Vijiti viwili vilikuwa vinatembea vyenyewe.

Hakuna mkono. Hakuna sauti. Kimoja kinashuka, cha jirani kinapanda. Halafu vinarudi. Polepole, kwa adabu, kama watu wawili wanaopishana mlangoni.

Nikajipa moyo kwamba mashine imeharibika na mwenyewe kazidiwa na usingizi, acha nimsaidie. Kile kijiti cha kwanza kilipoanza kushuka tena, nikakizuia kwa kidole, nikakishikilia juu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mkwe alishtuka kama aliyemwagiwa maji, akazivua zile hedifoni. Zikiwa mkononi mwake, nikasikia humo ndani, kwa mbali, kwa wembamba kama mbu, mtu anakohoa.

Kile kikohozi cha kuvuta kutoka chini kabisa.

Mzazi haambiwi. Alikuwa Chiriku.

"Mama, toa kidole," mkwe akasema taratibu. "Tafadhali. Unafuta mkono wake."

Nikakitoa kama nimegusa jiko. Akausimamisha wimbo, akabonyeza vitufe viwili, akakagua kwenye kioo cha kompyuta, kisha akashusha pumzi. Nilichokifuta kilikuwa kimerudi.

Hakunifokea. Alinivutia stuli, akaniwekea shuka magotini kwa sababu kulikuwa na baridi, akaanza kunieleza bila haraka.

Programu inayoendesha vile vijiti, alisema, ina kumbukumbu. Wimbo ukiwa unapiga, fundi anashika kijiti, anashusha hapa, anapandisha pale, na programu inaandika kila alichofanya kwa mstari wenye nukta. Kesho ukiupiga tena, vijiti vinarudia vilevile, bila mtu. Wao wanaiita otomesheni. Wimbo huu Chiriku aliuchanganya mwenyewe, na ndio ulikuwa wa mwisho.

Kwa hiyo niliyokuwa nimeyaona ni mwendo wa mkono wa mwanangu, alivyousogeza akiwa hai.

Mkwe aliamka kila alfajiri kuutazama. Hedifoni alivaa kwa ajili yangu, nisiamke.

"Na kikohozi?" nikauliza.

Akanionyesha mstari wa sauti ya Chiriku kwenye kioo. Unakwenda vizuri, ghafla unadidimia hadi chini, halafu unapanda tena. Nikahesabu mashimo saba.

"Kila shimo ni kikohozi, Mama. Huu aliurekodi wiki ile uliyokuja. Akibanwa, anakwambia anakwenda kurekodi, anafunga mlango. Sponji inameza sauti."

Na mimi huko jikoni nilikuwa nikijisifia kwamba nimezaa mchapakazi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaninyima mwanangu."

"Nilimsihi, Mama. Akaniapisha. Alisema, 'Nikimwambia nitakuwa mgonjwa wake. Nipe wiki moja tu niwe mtoto wake.'"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimewasemea watu maisha yangu yote. Asubuhi ile ilinigeukia mwenyewe, nikakosa pa kuiweka.

Nikalia. Si kile kilio cha msibani, cha kupokezana na watu. Kilio cha peke yako. Mkwe naye akalia, uso kaugeuzia ukutani ili nisimwone.

Baadaye nikamuuliza kwa nini Chiriku hakuvikata tu vile vikohozi. Hata mimi kizee najua siku hizi kila kitu kinakatwa.

"Angeweza," akasema. "Ila kinachokatwa kinaondoka. Kinachoshushwa kinabaki palepale, chini." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Nadhani alitaka uvikute siku moja. Yeye akiwa hayupo."

Nikakumbuka. "Na kile kijiti cha pili, kile kilichokuwa kinapanda?"

Alinivalisha hedifoni, akauanzisha wimbo.

Wajukuu zangu, niliposikia sauti ya mwanangu nilishika meza. Ikafika mahali ikaanza kuzama, na chini yake kikapanda kitu kingine. Sufuria. Maji ya bomba. Kisha bibi mmoja anaimba kwa kuguna, sauti imechakaa kama kanga ya kudekia.

Ilinichukua muda kujitambua.

Wiki ile Chiriku aliacha simu yake kwenye kichanja cha vyombo. Akaniambia nisiiguse, kuna mtu atampigia. Kumbe alikuwa ananirekodi mimi naosha vyombo.

Kila aliposhusha sauti yake, alipandisha yangu. Pumzi inamwishia, mimi nampokea. Mashimo saba, mara saba, mpaka mwisho wa wimbo.

Wiki sita zile nilidhani mwanangu alifichwa nisimwone. Kumbe alikuwa ameniegemea.

Kulipopambazuka mkwe alinibebea begi hadi stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akalifuta vumbi lile dirisha kwa kiganja. Lile neno la kuagana moja kwa moja, nililoliandaa wiki sita, nililiacha hapohapo stendi, na nikashukuru kuliacha.

Ninyi mnaosoma hapa, chukueni moja kutoka kwa bibi yenu. Mtu wako akikwambia yuko poa, usishike neno tu. Sikiliza pale anapopunguza sauti. Na aliyemtunza mwenzio siku za mwisho usimhukumu kabla hujajua alibebeshwa nini.

Basi lilipowashwa, mkwe alikuwa bado amesimama pale chini. Tangu amwoe mwanangu, hajawahi kuniomba kitu. Akagonga kioo, nikakisogeza.

"Uje tena, Mama," akasema. "Jikoni kumekuwa kimya mno."