Nani Aanze Kwenye Kinu

Mdogo wangu wa kike alirudishwa kwetu Nyalikungu kutoka kwa mumewe akiwa anajibizana na watu tusiowaona. Hospitalini walisema ni skizofrenia, wakamwanzishia sindano ya kila mwezi. Sauti zilipungua, ikabaki mikono. Ukimpa kikombe, mkono ulichelewa kufumba, au ulifumba kabla kikombe hakijafika. Nesi alitueleza kwamba ugonjwa huu unaweza kuvuruga hata namna mwili unavyopima muda wake. Mdogo wangu alisema kwa njia yake: "Mchi unakuwa umeshashuka, ndipo najua nimeushusha."

Mchi haukutajwa bure. Mtoto wake, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa kwa mama mkwe huko Malampaka. Bibi huyo alisema atamrudisha siku atakapomwona mkwewe akitwanga na mwenzake kwenye kinu kimoja bila michi kugongana. Mume alinyamaza, kama wanaume wengi mama zao wanapoongea. Mimi nilikasirika. Mashine ya kukoboa iko karibu na kwetu, nani anatwanga siku hizi? Mama akanikatiza: "Na mkono ukimpotea, mtoto yuko hapo anaokota mahindi, utasemaje?" Nikaenda kuleta kinu.

Tukaanza mazoezi. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza na kushika mwendo, mdogo anafuata. Kumtangulia mkubwa kwenye kinu ni kukosa adabu. Mama alianza, yeye akafuata, michi ikagongana. Nikaanza mimi, ikagongana. Tulipunguza mwendo mpaka kutwanga kukawa kama kusinzia, na bado aliingia mapema au akachelewa. Akiwa peke yake alitwanga kwa mwendo wake mwenyewe mpaka akamaliza, lakini hakuna aliyelitilia maanani, maana si hivyo alivyotakiwa kupimwa.

Mama mkwe akaja mchana, mtoto mgongoni. "Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma, akaitikiwa. Hakutaka hata maji. Alimkabidhi mama yangu mtoto, akajifunga kanga kiunoni, akashika mchi yeye mwenyewe. Hatukutegemea hilo.

Alianza kwa kasi ya mwanamke aliyetwanga maisha yake yote. Michi ikagongana. Akaanza upya, ikagongana tena, mahindi yakaruka mpaka miguuni kwangu. Mtoto akajikunyata. Bibi akashusha mchi, na mimi nikajua anachokwenda kusema. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

Mdogo wangu akamtangulia. "Mayu, mama yangu, naomba nianze mimi. Wewe unifuate."

Mama akainamisha uso kwa aibu. Mkwe kumwambia mama mkwe amfuate! Bibi alimtazama. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha. Laiti ningekuwa mimi. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo, na mama pia hakuliwaza. Adabu ilikuwa imetufumba macho.

"Haya, anza," bibi akasema.

Akaanza. Mwendo wa mdogo wangu haukuwa mzuri. Mara uliharakisha, mara ulisita mchi ukiwa juu. Lakini bibi alikuwa na masikio na mikono ya miaka mingi. Mwenzake aliposita, naye alisita. Alipoharakisha, naye aliongeza kasi, jasho likimtoka, bila kugusa mchi wa mwenzake. Kazi aliyotaka mgonjwa aifanye, sasa aliifanya yeye, na niliona wazi kwamba si nyepesi hata kwa mzima.

Waliendelea mpaka maganda yakaachia. Bibi akaegemeza mchi ukutani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Mdogo wangu hakuuachia wa kwake. Alikuwa anamtazama mtoto, lakini hakuthubutu kumsogelea.

"Nguo za mtoto ziko bado Malampaka," bibi akasema, huku akikung'uta pumba mikononi. "Mtu aje azichukue."